Pampu Yangu Kule Ziwani

Pampu ile niliitengeneza mimi, Erasto, fundi wa karakana ya maji Mtwara, na sioni haya kusema ilikuwa pampu safi. Tuliijaribu karakanani wanaume watano, kila mmoja akajaza ndoo kabla hajatoa jasho. Nyingine thelathini na tisa za vijiji vya ujamaa zilisubiri sahihi moja tu, ya Magreth, bibi maendeleo. Asiposaini, kazi yangu ya miezi minane inakwenda kwenye vyuma chakavu.

Magreth akanipeleka kijiji cha Ziwani, ambako pampu ya kwanza ilikuwa imeshafungwa kisimani. Akaniketisha juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Fundi, leo huna mdomo. Hufundishi, huonyeshi. Unatazama tu."

"Sawa," nikasema. Pampu yenyewe ingenisemea.

Wa kwanza kuchota alikuwa Carlota, mwanamke kijana ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Akatega ndoo, akashika mpini wa pampu, kisha akageuka kutazama nyuma, njiani, walikopanga foleni wenzake. Akahama. Akasimama ubavuni mwa pampu, akawa anausukuma mpini kwa mkono mmoja kama anayefukuza kuku. Maji yakawa yanadondoka tu. Loo, roho iliniuma. Simama nyuma ya mpini, dada, inama, vuta! Magreth akanikata jicho kabla sijafungua mdomo.

Ndoo ilipofika nusu, Carlota akaachia. "Bora nikachote kulekule bondeni," akasema.

Magreth akamvuta pembeni, wakanong'ona. Akarudi kwangu akibana kicheko.

"Anayemfuata kwenye foleni ni Bibi Esperanca, mama mkwe wake. Wewe unataka binti wa watu ainame, ampe mkwewe mgongo? Tena ingekuwa mgongo peke yake, afadhali."

Hapo aibu ikanishika kweli. Hata mimi kwetu Upareni simgeuzii mgongo mama mkwe wangu, hata kama anachambua mchicha tu. Lakini nilipokuwa nachora sikumfikiria mkwe wa mtu. Na wale wanaume watano wa karakanani hawapangi foleni ya maji na wakwe zao.

Nikatoa spana, nikafungua bolti nne, nikakigeuza kichwa cha pampu ili anayechota aelekee njiani. Nikakaza. Carlota akarudi, akamwona mama mkwe wake usoni, akapiga goti kidogo kumwamkia, kisha akainama akavuta. Mivuto kumi na miwili, ndoo ikajaa. Nilihesabu mwenyewe, na nilifurahi mno.

Magreth akatoa kalamu. Ilikuwa imeshagusa karatasi nilipomwambia asubiri.

"Nini tena, fundi? Si ndicho unachokililia tangu asubuhi?"

"Bibi Esperanca hajajaribu," nikasema. Nikarudi kukaa kwenye ndoo yangu, nikafunga mdomo.