Turubai la Mzee Kitwana

Mzee Kitwana alilishona lile turubai kwa mkono wake, mwaka ule mama wa jirani yao Violeth alipofariki na watu wakalowa chapachapa msibani. Alikuwa fundi wa maturubai Kariakoo, akichukua kitambaa dukani kwa Shashikant na kushonea hapo hapo barazani. Alipomaliza alilikabidhi kikundi cha kuzikana cha mtaa wao, pale Ilala, kwa sharti moja tu: halitoki kwenda kwenye siasa.

"Wakikaa chini yake hawa leo," alisema, "kesho wale hawatakuja kutuzika."

Kwa hiyo Violeth alipokuja Ijumaa kuliazima, Anifa, binti wa mzee na mtunza ufunguo wa stoo, alimtazama kwanza.

"Shughuli ya nani, shangazi?"

"Ya serikali. Si inafanyika nyumba ya serikali, kule kwa Mheshimiwa?"

Alisema huku anaviringisha ncha ya kanga kidoleni, na Anifa aliiona ile ncha, akajua kuna linalofichwa.  Akaenda kumuuliza baba yake, aliyekuwa kitandani na kile kifua kilichomla mpaka zikabaki mbavu.

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Serikali imekosa turubai mpaka ije kwangu?" Halafu uso ukamchangamka, jambo ambalo Anifa hakuwa ameliona tangu mfungo uishe. "Wape, mwanangu. Kazi yangu ikasimame kwa Mheshimiwa. Serikali si yetu sote?"

Anifa angeweza kumwambia habari ya ile ncha ya kanga. Akauangalia uso wa baba yake, akashindwa. Akatoa ufunguo.

Kesho yake, adhana ya alfajiri imekwisha, mzee akakata roho.

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya masika inayowatoa watu wa Jangwani na magodoro kichwani. Maziko yakapangwa alasiri. Watu wakaanza kufika, na pa kuwaweka hapakuwepo: nyumba ya kupanga, chumba kimoja, uani kote kunavuja mbingu. Mtaani pale kila maiti ilioshwa uani chini ya turubai lile, kanga zikizungushwa pande zote. Imamu akauliza, "Huyu mzee wetu tunamwoshea wapi?"

"Nalifuata," Anifa akasema. Akina mama wakamwambia mfiwa hatoki. Akatoka.

Kwenye geti la nyumba ya Mheshimiwa bendera za Chama zilifungwa mpaka nembo ya serikali haionekani. Muziki ulisikika tangu barabarani.

"Mwaliko au kadi ya Chama, dada," mlinzi akasema.

"Sina. Nimefuata turubai letu. Lile pale."

"Leo Chama wana shughuli yao. Njoo kesho."

"Kwani hii si nyumba ya serikali?"

Mlinzi akageuka kutazama nyuma, akashusha sauti. "Dada'angu, mimi nalinda geti. Usiniponze."

Lakini alikwenda kumwita Violeth. Kupitia nondo Anifa aliiona mishono ya baba yake imevutwa kamba, haipitishi tone, na chini yake watu waliovaa sare za Chama wanakula pilau.

"Shikamoo, shangazi. Baba amefariki."

Violeth, naye katika sare, akaziba mdomo kwa kiganja. "Kitwana? Kaka yangu Kitwana?" Machozi yakamtoka pale pale.

"Hatuna pa kumwoshea."

"Mwanangu, mgeni rasmi ndiyo kwanza amekaa... Ngoja nikaseme nao. Usiondoke."

Anifa hakuondoka. Alimwona Violeth akiinama sikioni mwa mwanamume mmoja wa meza kuu. Yule akatikisa kichwa bila kuacha kutafuna. Violeth akabaki amesimama nyuma ya kiti chake. Wimbo wa Chama ulipopigwa wote wakainuka, naye akapiga makofi pamoja nao. Hakugeuka tena kutazama getini.

Mzee Kitwana alioshwa kwenye korido, majiko na ndoo vimesukumwa pembeni, waoshaji wakigongana viwiko. Shashikant alifunga duka, akaleta nailoni na kuifunga na vijana kwenye kingo za bati. Upepo ukaichana kabla dua haijaisha.

"Angekuwepo angeniambia namuuzia watu takataka," Shashikant akasema, maji yakimtiririka usoni, na haikujulikana yapi ya mvua.

Jeneza likatoka likinyeshewa.

Asubuhi yake turubai lilirudishwa na bajaji, limekunjwa ovyo, linanuka pilau. Katikati walikuwa wamelikata tundu, upana wa kiganja, kupitishia nyaya za taa. Anifa akalitandika barazani, akachukua shazia ya baba yake, ile sindano nene, akaanza kuziba.

Violeth alikuja bila sare. 

"Ningejua anaondoka, Anifa..."

Anifa aliendelea kushona.

"Nikushikie upande huu?"

 Anifa alimtazama, akatazama milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine, yote ina watu wa kuzika na kuzikwa. Kisha akamsogezea pindo la upande wa pili, maana turubai lilikuwa zito, na mvua ilikuwa bado haijaisha.