Persefoni Binti Dimitra

Tangu mjukuu wangu azaliwe sikukaa nikatulia. Kwetu mtoto hana jina mpaka abatizwe. Huitwa Mtoto tu, hadi siku mama yake wa ubatizo atakapolitamka jina mbele ya padri. Na binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Bibi huyo ni mimi, Persefoni, na siku hiyo niliingoja kama mkulima anavyongoja mvua.

Tatizo, mkwe wangu anaitwa Dimitra.

"Mama, watu watanicheka," aliniambia jikoni, akiifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Dimitra ana binti anaitwa Persefoni! Hadithi si unaijua? Binti anachuma maua, ardhi inapasuka, mfalme wa kuzimu anamnyakua. Mama mtu anazunguka dunia nzima akilia mpaka ngano inakataa kuota. Ndiyo niwe mimi?"

"Hadithi za wapagani hizo. Wewe si unakwenda kanisani?"

"Na jina lenyewe maana yake maangamizi."

"Nani kasema?"

Kumbe ni Lambrini, mwalimu wa shule, ambaye ndiye angekuwa mama wa ubatizo. Nikamfuata kwake kwa hasira. Akacheka.

"Bibi, hakuna mwenye hakika. Watu wa kale walisikia maangamizi ndani yake. Siku hizi wengine wanasema ni mwanamke apuraye miganda ya ngano."

"Basi ndiyo mimi huyo! Nimepura ngano ya baba yangu mpaka mikono ikaota sugu. Utalitamka?"

"Nitatamka nitakaloambiwa na mama wa mtoto."

Nilirudi nimefura. Mwanangu Vaios naye hakuwa na msaada. Simu yake ikilia anatoka nje kuzungumza, akirudi hanitazami usoni. "Malizaneni wenyewe," akasema. Nimezaa kondoo, nikajisemea.

Ukweli ni kwamba hadithi ile haikuwa ngeni kwangu. Nilizaliwa kule chini, kwenye tambarare za Karditsa, nikaletwa huku milimani kuolewa na mtu niliyemwona mara moja tu. Huku theluji ikifunga njia, imefunga. Mama yangu alifariki katikati ya baridi moja kali, na niliposhuka, njia ilipofunguka, nilikuta kaburi limeshaota majani. Hilo sikumwambia Dimitra. Nilichotaka ni jina langu libaki duniani, basi.

Jumapili ikafika. Desturi ya kijiji chetu ni kwamba mama mzazi hubaki nje ya kanisa mpaka jina litamkwe, ndipo watoto humkimbilia na habari, naye huwapa sarafu. Mimi nilijibana ndani karibu na Lambrini, kiwiko tayari. Kupitia mlangoni nilimsikia Dimitra akitembea juu ya kokoto, huku na huko, huku na huko, na moyo wangu ukawa unatembea naye. Mtoto akalia. Padri Serafim akauliza jina.

Lambrini akamweka mtoto vizuri kwanza mikononi. Nikampiga kiwiko.

"Persefoni," akasema.

Padri akanitupia jicho. "Hakuna mtakatifu wa jina hilo."

"Nimeishi na marehemu mume wangu mpaka nikamzika, padri. Mtakatifu yupo, unamtazama."

Watu wakaangua kicheko, naye akaendelea na maji yake. Watoto wakachomoka mbio, nami nikawafuata nje, nikitaka kuuona uso wa mkwe wangu. Dimitra alikuwa anagawa sarafu. Wala hakushtuka.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyemwambia Lambrini, mama. Jana."

Furaha yangu ikanywea. "Kwa nini?"

Akanishika mkono. "Vaios ameshindwa kukwambia. Amepata kazi Ujerumani. Tunaondoka mwezi ujao, sote."

Nikautafuta ukuta wa kanisa, nikauegemea. Kumbe zile simu.

"Nilidhani Dimitra wa hadithi ni mimi," akasema, machozi yanamtoka. "Kumbe ni wewe. Wewe ndiye utakayenyang'anywa mtoto, ubaki unangoja. Ndipo nikakumbuka inavyoisha. Yule binti hurudi, mama. Baridi ikiisha anarudi, na ngano inaota. Nikasema basi, aitwe jina la mtu anayerudi."

Ulimi ukaniwasha nimwambie kwamba mimi pia naitwa hivyo, na nilirudi nimechelewa. Kutoka ndani sauti ya Mtoto, ya Persefoni, ilikuwa inapanda kwa hasira.

"Mje njia ikifunguka tu," nikamwambia. "Unanisikia, mwanangu? Msingoje majani yaote."

Hakunielewa, lakini aliitikia.