Maua Chini ya Kizingiti

Fundi alipoling'oa jiwe la mlangoni kwangu, nyumba ilibaki kama mtoto aliyeng'oka jino la mbele.

Jiwe lile lilitoka kwenye kasri la mfalme. Kasri lilipoungua na wenyewe wakahama, mji mzima ulijichotea mawe: huyu ya jiko, yule ya kisima. Marehemu mume wangu alilibeba hili begani, akalifanya kizingiti cha nyumba yetu changa. Sasa kasri linajengwa upya, na mafundi wanapita wakiomba mawe yarudi. Hawamlazimishi mtu. Hapo ndipo moyo wangu uliposita, kwa maana jiwe lenyewe ni laini, na miguu yetu ilikuwa imelichimba kibonde katikati: ya marehemu akitoka kazini, ya wanangu, yangu na ndoo kichwani. Marehemu hakuacha picha. Kibonde kile ndicho picha yake.

"Mama, bado unaweza kukataa," binti yangu alininong'oneza.

Fundi, mwanamke aliyejaa chokaa hadi kwenye kope, alilipindua jiwe akafuta udongo kwa kiganja. Maua ya kuchongwa yakajitokeza, kana kwamba mchongaji ameondoka jana.

"Bibi wee! Mengine yote yamelika uso. Hili nani alililaza kifudifudi?"

"Mume wangu. Alisema maua ya watu hayakanyagwi."

"Kumbe mwizi mwenye adabu!"

"Mwizi babu yako!" nilimjibu, tukacheka wote watatu. Kisha nikauliza: "Na kibonde chetu? Mtakichonga kiishe?"

"Kwa kawaida mgongo wa jiwe tunausawazisha." Alikipapasa. "Lakini hiki kitashika chokaa vizuri. Kitakaa ndani ya ukuta, Bibi. Hakitaonekana, ila kitakuwapo."

"Basi lichukue, mwanangu."

Siku ya kulipachika aliniita kasrini, nikaenda na binti yangu. Alinipa mwiko, nikakijaza kibonde chokaa taratibu, kama ninayempakulia mtu aliyechelewa kurudi. Maua yakatazama nje, langoni, walipoyataka wenyewe wa kasri.

"Asante," nilisema. Fundi alidhani namwambia yeye, akaitikia. Sikumsahihisha, na yeye alistahili.

Jioni tulirudi nyumbani. Mlangoni palikuwa na udongo mtupu, umesawazishwa vizuri. Binti yangu alipita moja kwa moja. Mimi mguu wangu uliinuka wenyewe, ukavuka.