Mdhamini wa Pasi

Wivu haubishi hodi. Ulimwingia Kiroboto akiwa kidato cha pili, kupitia kola ya shati, ukakaa ndani yake kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyetaka kuhama.

Shati lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la binamu yake, mtoto wa mjomba wake, ambaye bweni zima lilimwita Pasi kwa sababu alinyoosha mashati ya wenzake kwa malipo ya sabuni na sukari. Kola za Pasi zilisimama wima kama askari mbele ya bendera. Siku moja ya wazazi kutembelea shule, mama yake Kiroboto aliipapasa kola hiyo, akamgeukia mwanawe wa kumzaa mwenyewe, akatamka maneno mawili.

"Mwangalie mwenzio."

Tangu hapo maneno hayo yakawa salamu. Kila alipokuja, kabla hata hajafungua kapu: mwangalie mwenzio. Naye Kiroboto, mtoto mtiifu, akamwangalia. Alimwangalia Pasi akipiga pasi, akila, akisali, akikataa kukopesha. Kijiba cha roho kikanenepa hata mwenyewe akawa anakionea huruma.

Basi Mwalimu Bajeti, aliyefundisha ujasiriamali na ambaye inasemekana hata chafya aliipangia wiki moja kabla, akatangaza jambo kubwa. Mama mmoja mwenye kiwanda cha samani angekuja kuwafanyia wanafunzi usaili wa kweli. Mmoja wao angechukuliwa likizo nzima, afundishwe kazi, kuanzia kuchagua mbao hadi kumuuzia mteja kiti.

Kiroboto aliitaka nafasi ile kuliko wali wa Jumapili. Si kwa ajili ya viti. Alitaka siku moja tu, mbele ya watu, mama yake amgeukie Pasi na kumwambia yale maneno mawili.

"Kila mwombaji atakuwa na mdhamini," alisema Mwalimu Bajeti. "Mdhamini hasifu. Anaeleza alichokiona kwa macho yake. Atakayedanganya, namfuta yeye na mwombaji wake. Binamu na binamu, mtadhaminiana. Mnajuana."

"Tunajuana sana, Mwalimu," alisema Kiroboto, kwa upole uliowatia wasiwasi waliomfahamu.

Siku ilipofika, maktaba ilipangwa kama mahakama. Mama wa samani aliketi nyuma ya meza, kucha zake zina madoa ya vanishi ya mbao, akaanza kwa kuishika meza na kuitikisa kidogo, akasikitika. Jua lilikuwa kali. Wavulana wote walivaa mashati matupu isipokuwa Pasi, aliyeingia na sweta zito lililofungwa hadi shingoni, jasho likimtiririka.

"Huyo ana homa," mmoja alinong'ona.

"Homa ya usaili," mwingine akajibu.

Kiroboto alijua si homa. Alikuwa akimwangalia mwenzie, au mmesahau?

Wa kwanza kuitwa alikuwa Kiroboto. Alijieleza vizuri, akachekesha mara mbili, akakaa. Pasi akasimama kumdhamini.

"Binamu yangu ni mtu mwema," alisema Pasi. "Anachekesha. Bweni likiwa na huzuni, yeye ndiye dawa."

"Umemwona akifanya nini?" aliuliza yule mama.

Pasi akafikiri. Hakuwa mwongo, na hapo ndipo balaa ilipokaa.

"Nimemwona akianza mambo mengi. Alianzisha kampuni ya kuamsha watu kabla ya kengele."

"Inaendeleaje?"

"Siku ya kwanza alipitiwa na usingizi."

Maktaba ikacheka, na Mwalimu Bajeti akakohoa kwa namna ya kucheka. Kiroboto alitabasamu kwa meno tu. Angetukanwa, angesamehe. Lakini kuzikwa kwa sifa, tena na mtu anayekuita binamu yangu? Hilo halisameheki.

Akaitwa Pasi, kisha mdhamini wake. Kiroboto alisimama kama shehe wa msiba.

"Ni bahili," alianza. "Mama yangu ni shangazi yake. Lakini nilipomwomba aninyooshee shati kwa mkopo, alikataa. Akasema undugu uko mezani, pasi iko kazini."

"Ukafanyaje?"

"Nikavaa limekunjamana, mama."

Yule mama akaitikia kwa kichwa. Kiroboto akaona mambo yanakwenda, akaongeza moto.

"Hana adabu kwa wakubwa. Mkuu wa bweni alimletea shati lenye doa. Yeye akalitandika mbele ya watu, akamwambia, kaka, doa hili umekuja nalo, tulione sote sasa hivi, lisije likazaliwa kesho. Mkuu wa bweni aliaibika."

"Wateja wangu nao hurudi kesho yake na mikwaruzo ya namna hiyo," alisema yule mama taratibu. "Endelea."

Kiroboto akavuta pumzi. Kombora alikuwa ameliweka mwisho.

"Na kazi yenyewe haijui. Wiki iliyopita alimchomea shati mtoto wa kidato cha kwanza. Mwambieni avue hilo sweta."

Pasi alimtazama binamu yake, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakuwa na binamu ndani yake. Kisha akafungua vifungo, kimoja kimoja, akavua, akageuka.

Mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya pasi, nzima, ya kahawia, kama unyayo wa jini. Kuna aliyeanza kucheka, akajikuta yuko peke yake.

"Shati la nani hili?" aliuliza yule mama.

"Langu sasa," alisema Pasi.

"Na la kwako liko wapi?"

Pasi alilikunja sweta lake, pindo kwa pindo. Yule mama akamgeukia mdhamini, na Mwalimu Bajeti naye akamgeukia mdhamini, kalamu ya kufutia majina ikiwa tayari.

Kiroboto alitamani kudanganya kuliko siku zote za maisha yake, na hakuwa mtu wa kudanganya kwa uchache. Lakini alikuwa ameona. Alikuwa nyuma ya pazia la bafu, akingoja kwa furaha kilio cha mtoto yule.

"Alimpa," alisema kwa sauti ndogo. "Alivua lake, akampa mtoto. Hata kola alimnyooshea kwanza."

Yule mama aliinuka, akaishika ile alama kwa vidole, kama mtu anayepapasa ubao kuona kama umekauka.

"Kijana," alimwambia Kiroboto wakati anaondoka, "nimesikia wadhamini wengi. Wote husifu. Wewe umeniambia mtu alivyo. Siku ukijitazama wewe hivyo hivyo, nawe uje."

Jina aliloondoka nalo, kila mtu alilijua.

Jumapili mama yake Kiroboto alikuja, kapu mkononi. Habari kwamba Pasi amepata nafasi zilikuwa zimemfikia getini. Kiroboto alisimama kando, akingoja salamu yake kama mgonjwa anayengoja sindano.

"Shangazi," alisema Pasi, "nafasi hii nimeipata kwa maneno ya Kiroboto. Alisema kila kitu. Hakubakisha."

"Alikudhamini yeye? Na yeye aliitaka nafasi hiyo?"

"Sana, shangazi."

Mama aliweka kapu chini. Macho yalimlowa. Akamshika Pasi begani, akamgeuza kwa nguvu mpaka wakaonana uso kwa uso na mwanawe.

"Umemwona?" alisema, mbele ya wazazi wote waliokuwa kwenye viti. "Mtoto hana chembe ya wivu. Mwangalie mwenzio."

Pasi hakuwahi kumkatalia shangazi yake jambo. Alimwangalia Kiroboto, kwa utulivu, bila haraka, mpaka Kiroboto akajishika kola.

"Namwangalia, shangazi," alisema.