Mgeni Aliyepima Madirisha

Mama Pacha alirudi kutoka saluni, akakuta wanawe wanagombania kiti cha dirishani. Wakamwambia kulikuwa na mgeni, mama mmoja mnene mwenye futikamba, amepima madirisha yote. Aliyemfungulia mlango ni baba mdogo.

Shemeji yake huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa jikoni akichemsha chai.

"Nani yule?"

"Mtu wa serikali, shemeji. Wanahesabu nyumba."

"Wanahesabu kwa futikamba?"

Shemeji akachungulia sufuria kana kwamba jibu limo humo.

Mumewe alikuwa amehama tangu kesi ya talaka ilipofunguliwa. Mama Pacha alimpigia simu, naye akapokea kwa sauti ya asali. "Mke wangu, umeshakula?" Mwaka mzima hakuwa amemwita hivyo. Mama Pacha alikata simu.

Asubuhi alikuwa kwa wakili wake.

"Usimwambie mtu, hata ndugu yako," wakili alisema. "Akishtuka, atauza kabla hatujamfikia hakimu."

Wakapeleka maombi ya dharura. Hakimu aliyasikiliza siku hiyohiyo bila mume kuwepo, akatoa zuio la muda: nyumba isiuzwe, isiwekwe rehani, wala mtu asitolewe humo mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Nakala ikapelekwa ofisi ya ardhi.

"Hili ni la muda tu, mama," hakimu alimwambia. "Sijasema nani ana haki."

Wiki iliyofuata mume alifika mahakamani na shati limenyooshwa likanyooka.

"Mheshimiwa, kuuza sijawahi hata kuwaza. Mwenzangu ana wasiwasi tu, ndivyo alivyo."

Alivyoongea kwa upole, Mama Pacha alianza kujitilia shaka mwenyewe. Labda kweli amekurupuka. Ndipo mama mmoja mnene akasimama kwenye benchi la nyuma, mkoba kifuani.

"Samahani, mheshimiwa. Ofisi ya ardhi wameniambia nyumba ina kesi, nije hapa. Huyu baba kaniambia nihamie mwisho wa mwezi. Mapazia nimeshashona."

Watu waliguna. Mume akainamia viatu vyake. Hakimu alimwita yule mama mbele, akamwapisha, akamsikiliza, kisha akaongeza muda wa zuio hadi kesi ya talaka iishe.

Nje, kwenye ngazi, mume alimpita Mama Pacha bila salamu. Shemeji alibaki nyuma, akasogea taratibu na kumpa ufunguo wa nyumba.

"Nisamehe, shemeji. Yule ni kaka yangu, ningefanyaje? Naondoka leo."

Mama Pacha aliupokea.

"Ulichonga mwingine?"

"Hapana," alisema shemeji, ila alichelewa kidogo kulisema.

Mama Pacha akamtakia safari njema. Akapitia kwa fundi wa vitasa kabla hajawafuata watoto shule, akamwomba aje kubadilisha vyote, na cha mlango wa jikoni pia.