Sauti Zilizobaki kwa Bi Zuhura

Baada ya swala ya alasiri Twalib alifunga nusu ya mlango wa duka lake la mapazia, akavuka barabara, akaingia kwenye mgahawa wa Bi Zuhura na kukaa meza ya chini ya televisheni. Hénock alikuwa keshafika. Alikwisha kuagiza chai ya maziwa ya watu wawili na sahani ya kachori, na alianza kusema kabla mwenzake hajavuta kiti.

"Umeona ule mutu balichagua kwa jeshi? Ule iko sawa kabisa. Batamuogopa."

"Yule ni mtu wa televisheni," Twalib alisema. "Jeshi zima la Marekani, Hénock, apewe mtu wa televisheni?"

Ilikuwa Novemba. Wamarekani walikuwa wamempata rais mpya ambaye hajaapishwa bado, na kila kukicha alitangaza mtu mwingine wa kuingia kwenye baraza lake la mawaziri. Nusu ya watu walipiga makofi, nusu walishika vichwa, na pale Fordsburg, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, meza ya Bi Zuhura iligawanyika vivyo hivyo. Twalib, mzaliwa wa Tanga, alisoma kila kitu kwenye simu. Alijua ni seneta gani anasitasita na anatoka jimbo gani. Hénock alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye kibanda chake Jules Street, kule Malvern, na mzee wa kanisa. Yeye alishikilia kwamba mtu aliyechaguliwa ana haki ya kuchagua. Jina lake na la mkewe Mamie yalikuwa kwenye foleni ya wakimbizi wa kupelekwa Amerika, tena tangu zamani, na aliamini kwamba rais mwenye nguvu huisukuma foleni.

Walikuwa marafiki wa kweli. Mwaka ule maduka ya wageni kule Malvern yalipochomwa moto, Hénock na Mamie walilala kwenye stoo ya Twalib katikati ya majora ya vitambaa, na watu walipokuja kugonga, Twalib aliwaambia hakuna mtu humo ndani ila panya. Hawakulizungumzia jambo hilo tena. Hénock aliendelea kununua kitambaa kwake, na Twalib aliendelea kumkatia kipande cha ziada bila kusema.

Simu ya Twalib iliita. Alikuwa mama yake, Bi Mwanakombo, kutoka Ngamiani, Tanga. Alipenda kupiga saa hizo kwa sababu alijua mwanawe amepumzika.

"Mama, nitakupigia," Twalib alisema. "Kuna jambo hapa." Akaifunika simu juu ya meza. "Na huyu wa afya je? Mtu anayetilia shaka chanjo, ndiye apewe afya?"

"Muache afanye kazi kwanza."

"Afanye kazi kwa watoto wa nani?"

Waliendelea hivyo mpaka chai ikafanya utando. Halafu Twalib akasema neno ambalo hakuwa amelipanga. Alisema nyinyi mmelelewa na wenye bunduki, ndiyo maana mkimwona mbabe mnapiga magoti. Hénock aliifuta midomo yake kwa karatasi.

"Unalia juu ya watoto ya Amerika," alisema, "na mama yako anakupigia hauchukue. Yangu angekuwa hai, miye ningechukua."

Wakainuka, kila mmoja akatokea upande wake wa barabara, bila kuagana.

Bi Zuhura alikuwa jikoni akisuuza vikombe aliposikia wanaendelea. Alidhani wamerudi. Alipotoka na kitambaa cha kufutia meza, alikuta viti vitupu na mabishano yakiwa palepale juu ya meza, usawa wa vichwa vya watu waliokaa. Sauti ya Twalib ilikuwa ikiuliza nani atakayeilinda Seneti na Seneti yenyewe. Sauti ya Hénock ilisema acha, ndugu, acha kwanza. Bi Zuhura aliifuta meza, akazima televisheni, akafunga.

Asubuhi Twalib aliamka akaitikia salamu ya jirani na hakikutoka kitu. Alikunywa maji ya tangawizi. Alipopita mgahawani kuomba asali, Bi Zuhura alimwonyesha meza kwa kidevu.

"Mmeacha sauti zenu," alisema. "Ya kwako inasema sana, mwanangu. Hata kupumua haipumui."

Hénock alikuja mchana, naye hana sauti. Walikaa. Twalib aliinua uso, akafungua kinywa karibu na mahali sauti yake ilipokuwa, kama mtu anayemvuta kuku kwa punje. Sauti ilisogea kidogo ikaendelea na hoja yake. Hénock alijaribu kuinasa yake kwa kofia. Baadaye wakaacha. Hénock alimsogezea Twalib sukari, naye Twalib akamkatia kachori kubwa zaidi, na juu ya vichwa vyao neno lile la bunduki na magoti lilisemwa upya, likajibiwa upya. Twalib aliweka mkono kifuani na kutikisa kichwa, kwa maana ya kuomba radhi. Hénock akamshika bega. Sauti hazikuwa na macho, kwa hiyo hazikuona.

Hatua zilichukuliwa. Bi Zuhura alisoma Ayatul Kursiyu akafukiza ubani. Mchungaji wa Hénock alikuja kutoka Malvern akaomba kwa nguvu huku ameinua mikono. Mara zote mbili sauti zilinyamaza kwa heshima, zikangoja amina, kisha zikarudi kwa waziri wa sheria, kwani aliyetajwa kwanza alikuwa amejitoa na wa pili ametajwa.

Dukani Twalib hakupata tabu kubwa. Wateja wa Fordsburg walizoea kuelewana kwa vidole na kikokotoo. Hénock naye alisimama kwenye kwaya Jumapili akichezesha midomo, na Mamie aliwaambia wanawake wenzake kwamba nyumba imepata utulivu, ingawa wakati mwingine anamkuta mume wake amesimama dirishani akifungua na kufunga kinywa. Mgahawani watu wakaanza kujigawa. Walioupenda upande wa Twalib walikaa karibu na mlango, wa Hénock karibu na jiko. Kijana mmoja wa Kenya anayefanya kazi benki kule Sandton alikuja kila Ijumaa kwa treni ya kasi, akasikiliza, akasema huko ofisini nako mambo ni hayohayo ila kwa Kiingereza.

Mama alipopiga simu, Twalib alipokea. Sasa alipokea kila mara, hata akiwa na mteja. Alishika simu sikioni akasikia, "Twalib? Twalib, mbona husemi? Mtandao mbaya." Alipumua kwa nguvu ili ajue yupo. Mama alisubiri kidogo, akasema atapiga kesho, na kesho yake ikawa vilevile. Twalib akamwandikia dada yake Nasra, aliyekuwa akimtunza mama, kwamba sauti yake imebaki mahali, anaifuatilia. Nasra akajibu sawa, kaka, lakini fanya haraka kidogo, mama haoni vizuri na mimi nikimsomea ujumbe wako anasema hayo ni maneno ya Nasra.

Mwaka ukageuka. Rais aliapishwa. Siku hiyohiyo ya kiapo alitia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na foleni ya Hénock ikasimama pamoja na wote waliokuwamo. Mamie alipata habari hiyo saluni alikofanya kazi. Alikuja Fordsburg akiwa bado amevaa aproni, akamwonyesha mume wake simu. Hénock alisoma, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Juu yake sauti yake ilikuwa inasema, "Muache mutu afanye kazi. Ule iko na mpango." Mamie aliitazama ile nafasi tupu kwa muda.

"Ile haijasikia?" aliuliza.

"Haisomi," Bi Zuhura alisema. "Inasema tu."

Mamie alikaa karibu na mume wake, akaomba chai.

Mapema Februari Nasra alipiga simu wakati Twalib anapima pazia. Alisema mama hajala, miguu imepoa, Sheikh amekuja. Alisema anamwita yeye tu. "Anataka akusikie, kaka. Neno moja. Nikimwambia unaumwa anasema namdanganya, umekufa huko na sisi tunamficha."

Twalib hakuweza kusafiri. Karatasi zake za kukaa zilikuwa zinangoja kuhuishwa, na akitoka asingerudi. Na hata angekubali kutorudi, ndege isingemfikisha kabla ya saa ile. Aliacha mkasi juu ya kitambaa, akatoka na simu mkononi, Nasra akiwa bado hewani, akavuka na robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, na dereva mmoja akamtukana kwa Kizulu. Mgahawa ulikuwa umejaa. Seneti ilikuwa inajiandaa kumpigia kura waziri wa afya na pande zote mbili zimekuja kusikiliza.

Alisimama chini ya sauti yake na kuiita kwa mikono. Aliionyesha simu. Aliunganisha viganja. Bi Zuhura, aliyemwelewa kwa kumtazama uso na kumsikia Nasra kwenye simu, alisema kwa niaba yake, "We sauti, mama yake anakata roho. Shuka umwambie neno." Sauti haikusita. Ilikuwa katikati ya sentensi.

Hénock alinyanyuka mezani. Alileta kiti, akakishika miguu kwa mikono miwili kisitikisike, na Twalib akapanda. Akaweka simu kwenye spika, akainyoosha juu mpaka pale maneno yalipokuwa yanatokea.

"Siwezi kukubali," sauti yake ilisema. "Siwezi kabisa."

Kule Ngamiani Nasra aliisogeza simu karibu na mama. Kisha Bi Mwanakombo akasema, karibu sana na simu, "Twalib."

"Mtu anaachwa hivihivi, hakuna anayejali. Nani atawaangalia wagonjwa? Niambieni. Nani?"

"Nasra yupo, baba," mama alisema. "Nasra ananiangalia vizuri."

"Muache," ilisema sauti ya Hénock. "Ni haki yake kuchagua. Anachagua ule anapenda."

"Nani huyo?"

"Rafiki yake, mama," Nasra alisema. "Yule Mkongo."

"Anasema kweli. Msikilize mwenzako."

Hénock, chini, alifumba macho. Watu wa karibu na jiko na watu wa karibu na mlango walikuwa wameweka vikombe chini.

"Sikubali," sauti ya Twalib ilisema, na sasa ilikuwa imepanda kama inavyopanda ikizidiwa hoja. "Hata mnifanyeje, sikubali."

"Kubali tu, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo. "Nimekusikia. Kubali."

Twalib alikuwa amefungua kinywa chake wazi kabisa. Aliushika mkono wa simu kwa mkono wa pili. Sauti yake ikaanza kuwataja maseneta wa kamati, jina baada ya jina, na mama alisikiliza majina hayo yote bila kukatiza, kama mtu anayesomewa dua kwa lugha asiyoijua. Yalipokwisha alisema amina. Baada ya hapo kilichosikika ni Nasra peke yake, akimwita.

Mama alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Fordsburg walimsomea khitma hapohapo mgahawani, kwa kuwa Twalib hakuwa na pengine pa kukaa na watu. Bi Zuhura alipika pilau, Mamie akamenya vitunguu, Hénock akawapokea wageni mlangoni kwa kuwashika mikono. Sauti zilinyamaza wakati wa kisomo. Sahani zilipopita zikaendelea, kwa kuwa waziri wa elimu alikuwa bado.

Jioni Nasra alituma ujumbe wa sauti. Alisema mama amelala vizuri, uso umetulia, na kwamba amewaambia shangazi zao wote jinsi Twalib alivyolia na kukataa mama asiende mpaka mama mwenyewe akamtuliza. Shangazi wanasema hawajawahi kuona mtoto anayempenda mama yake hivyo. "Kitu kimoja tu sikukielewa," Nasra alisema. "Yale majina ya mwishoni ni ya nani? Mama alidhani ni mashehe."

Twalib aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika fupi, akalifuta nalo. Mwishowe akamwandikia kwamba Mungu amlaze mahali pema, na swali la majina hakuligusa. Nasra hakuuliza tena.

Waziri wa afya alipitishwa, na wengine baada yake. Upande wa jiko ulishangilia, upande wa mlango ulitikisa vichwa, na wote walilipia chai zao wakaenda zao. Sauti hazikurudi kwa wenyewe. Mawaziri walipokwisha zilihamia kwa mabalozi, na Bi Zuhura akaisogeza meza ile kidogo kutoka ukutani ili wateja wapite bila kuzigonga.

Hénock bado huja kutoka Malvern, na bado hununua kitambaa. Twalib hukaa naye baada ya alasiri, simu mfukoni, haiiti tena saa zile. Husikiliza sauti yake kwa makini, kama mtu anayengoja jina lake litajwe kwenye foleni. Imesema wizara, imesema kamati, imesema chama na katiba na kura. Yeye hungoja iseme mama, hata kwa bahati mbaya, hata ndani ya neno jingine, mpaka Bi Zuhura aanze kupandisha viti juu ya meza.