Ukumbi Unaonuka Kitunguu Saumu

Uliona, ukageuza uso. Usinikatalie. Kila zamu ya usiku inapotoka kiwandani hapa mjini Hsinchu, wale vijana wenye macho mekundu hupita mbele yako, nawe unainamia simu ambayo wao ndio walioitia uhai. Basi leo utanisikiliza.

Nauza maziwa ya soya na maandazi marefu mkabala na lango. Mdogo wangu, Yun-ju, anafanya kazi humo, katika ukumbi wa pili wa kutengenezea chipu za simu. Mazuri ya kazi ile siyakatai, mimi si mnafiki. Mshahara wake sijawahi kuuota, hata nilipokuwa nikiunganisha redio, kabla hawajanifukuza kwa kugawa vikaratasi vya kudai haki za wafanyakazi. Mwisho wa mwaka wanapewa hisa. Benki inawakopesha nyumba kabla hawajaketi vizuri. Mama wa mchumba wake anamtaja sokoni kama anamtaja binti mfalme. Na baba yetu alipasuliwa moyo kwa bima ya kiwanda hicho. Anapumua mpaka leo.

Jana asubuhi alikuja amejikunja.

"Dada, nipe ya moto. Kichwa kinagonga kama ngoma ya hekaluni."

"Ni kazi hiyo. Nilikuambia uache."

"Umeanza hotuba hata sukari hujatia. Ngoja nikuchekeshe."

Akanisimulia. Kipima gesi ya sumu cha ukumbini kwao kilikuwa kinalia kila mara. Kikilia, watu wote hutolewa nje, na visahani vya silikoni vilivyomo mashineni vinaharibika, hasara juu ya hasara. Wakubwa wakakata shauri kwamba ni kibovu. Bosi wao, Tsou, mtu wa shahada mbili, akafanya tufanyavyo sote hapa mashine ikisumbua: akaleta pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi iwe hirizi, mashine itulie. Akaipangusa kwa spiriti, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mfuko ule juu ya kipima, ukakizunguka chote.

"Aliangalia tarehe lakini?" nilimtania. "Vikichacha havifanyi kazi."

"Mara mbili. Na kimenyamaza, dada, kama mtoto aliyeshiba. Kinachotukera sasa ni hao wanaokula soseji na kitunguu saumu. Ukumbi mzima unanuka."

Nikaweka upawa chini.

"Ukumbi upi?"

"Wetu. Tangu juzi."

"Mnaingia mmejifunika mpaka nyusi. Hata poda hamruhusiwi. Nani amekula soseji humo?"

Aliinua uso. Ndipo nikaona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano.

"Mkojo wako ukoje?"

"Dada, watu wanakula."

"Nimekuuliza mkojo, Yun-ju."

"Mwekundu. Nilikula tunda la joka, lile lenye nyama nyekundu. Nani asiyekojoa hivyo akilila? Hata wewe."

A-Tu naye alikuwa na sababu yake. Nilikuwa msichana, yeye jirani yetu, akibadilisha mitungi ya gesi katika kiwanda ambacho leo ni uwanja wa kuuzia magari. Mtungi ulivuja, akanusa kitunguu saumu, akaucheka wekundu wa mkojo wake, akasema ni viazisukari. Tukamzika. Hospitali ikaandika kwamba ni figo tu. Mji umesahau. Mimi sikusahau.

Niliacha mafuta yakichemka, nikampakia kwenye pikipiki. Daktari alimtoa damu, akaitazama, akaitazama tena, akaketi. Chembe za damu zilikuwa zinapasuka ndani ya mishipa ya mtoto wa mama yangu. Wakambadilishia damu, wakamuunga kwenye mashine ya figo. Niliwapigia zimamoto palepale. Wakakipigia kiwanda, kiwanda kikajibu kwamba kipima hakijalia. Basi wakarudi kwenye chai yao.

Bosi Tsou alikuja na kikapu cha matunda.

"Pole, dada mkubwa. Tusikimbilie kulaumu. Labda ni chakula."

"Na kipima chenu?"

"Kizima kabisa. Wiki hii hakijalia hata mara moja."

Angekuwa mwongo ningemtukana. Nilimtazama usoni, nikaona anaamini. Mtu aliyesomea gesi miaka yote ile ameziba pua ya chombo kwa mfuko wa plastiki, kisha anakisifu kwa kutonusa.

Leo usiku Yun-ju amefumbua macho. Midomo imepasuka, sauti haitoki vizuri.

"Bosi amekasirika?"

"Lala."

"Nimshukuru Ching-yi. Ameshika zamu yangu."

Nikamwomba arudie. Akarudia, tena kwa tabasamu, kama mtu aliyetendewa wema. Ching-yi ni yule msichana mfupi anayenidai sukari kila asubuhi na kuniita mchoyo. Amesimama alipokuwa amesimama mdogo wangu. Simu yake imefungiwa kabatini nje ya ukumbi, kama simu zao zote.

Nimekimbia hadi langoni. Mlinzi amenisikiliza kwa adabu, akanipa kiti. Anasema hana amri ya kumtoa mtu yeyote, maana hakuna king'ora kilicholia.

Naandika haya nikiwa nimesimama, kiti chake sikukitaka. Muuza maandazi mmoja hasimamishi kiwanda. Mkijaa barabara nzima, kitasimama. Ching-yi anavuta pumzi humo wakati huu unaponisoma. Wapigie zimamoto, useme ukumbi wa pili unanuka kitunguu saumu, useme kipima kimezibwa, wakikataa upige tena. Kisha vaa viatu uje langoni. Usingoje kuona nani mwingine anakuja. Njoo sasa hivi.